Feni Kuzunguka Si Ushahidi

Njia ya mkato ya kupima pawasaplai ya kompyuta inajulikana kwa kila fundi: unganisha waya wa kijani na mweusi, feni ikizunguka, mwambie mteja kifaa ni kizima. Kipimo hicho kinathibitisha kwamba pawasaplai imekubali kuwaka, basi. Hakisemi lolote kuhusu itakavyohimili pale prosesa na kadi ya michoro zitakapodai umeme kwa pamoja. Hamali hapimwi nguvu akiwa mikono mitupu. Pawasaplai, iwe mpya au ya mtumba, isikabidhiwe kwa mnunuzi kabla ya kubebeshwa mzigo mzito kwa angalau nusu saa.

Kazi ya kifaa hiki ni kugeuza umeme wa ukutani kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Mashine inayokula wati 400 kwenye njia ya volti 12 huvuta zaidi ya ampea 33, na hapo ndipo kapasita zilizochoka huumbuka. Viwango vya ATX vya pawasaplai, matoleo ya 2.x, vinataka njia hiyo isishuke chini ya volti 11.4 wala kuzidi 12.6. Pawasaplai dhaifu husoma 12 kamili ikiwa haina kazi, kisha ikibanwa huporomoka. Kompyuta hujizima ghafla, na lawama zikaangukia Windows au virusi. Lebo nayo haimalizi shaka. Nembo ya 80 PLUS huzungumzia umeme unaopotea, si uimara, na vipimo vyake hufanywa kwenye nyuzi 23 hivi za joto. Chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam mwezi Februari hakiijui baridi hiyo.

Wapo watakaosema jaribio kama hili huua kifaa kizima. Hofu hiyo ina msingi: mwaka 2021 baadhi ya pawasaplai za Gigabyte, P750GM na P850GM, ziliripotiwa kulipuka katika majaribio. Lakini kelele za wapimaji ndizo zilizoifanya kampuni ishushe kiwango cha mzigo ambapo kinga ya ndani hukata umeme, na kukubali kuwabadilishia wateja. Isitoshe, hapa hakuna anayedai mzigo upite wati zilizoandikwa. Kifaa kinachokufa kikibeba kile ambacho lebo yake imeahidi hakikuwa kizima tangu mwanzo. Mwenye kompyuta ya kuchapia barua naye hahitaji wati 500: mzigo wa jaribio ulingane na mashine itakayofungwa. Gharama pia si kikwazo, kwani programu za kubana prosesa na kadi ya michoro zipo za bure, na testa ya kawaida husoma volti kwenye plagi kwa uhakika zaidi kuliko namba za kwenye skrini. Kilichobaki ni desturi. Fundi aandike kwenye risiti volti zilizosomwa mzigo ukiwa juu, na mnunuzi asilipe kabla ya kuziona.