Nusu Tembe ya Mtoto Ina Hesabu Yake

Bila shaka nawe umewahi kusimama jikoni usiku, kisu mkononi, tembe moja ya dawa iko mbele yako kwenye sahani, na mtoto analia chumbani.

Mimi nilikuwa papo hapo majuzi. Kitinda mimba wangu, msichana wa miaka mitatu, alikuwa na homa. Zahanati moja ya mtaani, ambayo jina lake nalihifadhi, ilikuwa imenipa tembe za watu wazima na maagizo mafupi: "Mpe nusu, asubuhi na jioni." Hakuna aliyempandisha kwenye mizani. Basi nikakata. Kipande kimoja kikawa kikubwa kama robo tatu, kingine kikaruka kikaingia chini ya friji. Nikiwa nimepiga magoti na kurunzi ya simu, nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza katika miaka yote ya ulezi. Hiyo nusu, ni nani aliyeikadiria?

Nimekuwa nikilifuatilia swali hilo tangu siku ile. Jibu linatisha kidogo. Kwa dawa nyingi, kwa miaka mingi, hakukuwa na aliyekadiria kwa mtoto mwenyewe. Kipimo kilitafutwa kwa watu wazima, kisha kikagawanywa kama mkate.

Ubaya ni kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Mwaka wa 1959 madaktari wa Marekani walieleza habari ya watoto wachanga waliokuwa wakifa baada ya kupewa kloramfenikoli, dawa ya kuua viini. Tumbo lilifura, ngozi ikageuka rangi ya majivu, pumzi ikakatika. Ini la mtoto wa siku chache lilikuwa bado halijajifunza kuivunjavunja dawa ile, kwa hivyo kila dozi ilijilimbikiza juu ya ile iliyotangulia hadi ikawa sumu.

Je, tukipunguza sana tutakuwa salama? Hapana. Akishapita uchanga, mtoto hugeuka upande wa pili kabisa: mwili wake huondoa dawa nyingi haraka kuliko mwili wa baba yake, ukihesabu kwa kila kilo. Wengi wetu tunaikumbuka sulfadoxine-pyrimethamine, ile dawa ya malaria tuliyoizoea kwa jina la Fansidar, ambayo Kenya iliifanya kuwa dawa yake ya kwanza ya malaria mwaka wa 1998. Mwaka wa 2006 Karen Barnes wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walionyesha kwamba watoto wa miaka miwili hadi mitano, waliopewa dozi iliyokuwa ikipendekezwa, walikuwa na karibu nusu tu ya dawa katika damu ukilinganisha na watu wazima. Hebu fikiria ni akina mama wangapi walikuwa wameitoa dozi ile kwa uaminifu, huku wakijilaumu mtoto akirudiwa na homa.

Wanaosahihisha makosa ya namna hii wana taaluma yao. Huitwa famakometria, neno gumu kwa jambo ambalo mtu anaweza kulieleza kwa ndoo. Chukua ndoo yenye tundu chini. Maji unayomimina ni dawa. Tundu ni ini na figo. Maji yakiwa mengi yanavuja kwa kasi. Yakipungua, yanavuja polepole. Paracetamol, kwa mfano, hupungua kwa nusu katika mwili wa mtu mzima kila baada ya saa mbili au tatu hivi: kama zilikuwapo sehemu 16, zitabaki 8, kisha 4, kisha 2. Mwanafunzi aliyesoma kalkulasi ataona mara moja kwamba hapo kuna mlinganyo. Kazi ya mtaalamu ni kugundua ukubwa wa ndoo na upana wa tundu bila ya kuchungulia ndani, kisha aseme umimine kiasi gani na kila baada ya saa ngapi ili maji yasikauke wala yasifurike.

Zamani njia ya kugundua ilikuwa ni kumlaza mtu mzima mwenye afya njema na kumtoa damu mara kumi au zaidi kwa siku. Sasa nani atamchoma sindano mara kumi mtoto mgonjwa wa kilo nane? Mimi nisingekubali, na nadhani wewe pia hungekubali.

Hapo ndipo hesabu ilipookoa. Karibu na mwaka wa 1980, Lewis Sheiner na Stuart Beal wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitengeneza programu ya kompyuta iitwayo NONMEM. Wazo lao nitalieleza kwa matatu. Tuseme unataka kujua mwendo wa matatu kutoka Thika hadi mjini, lakini huna abiria hata mmoja aliyekaa macho safari nzima. Huyu aliamka Juja akatazama saa, yule Githurai, mwingine Muthaiga. Tena walipanda matatu tofauti, nyingine za madereva wazembe, nyingine za wale wanaoendesha kama wamefukuzwa. Ukikusanya vipande hivyo vya kutosha na ukajua hesabu, utapata mwendo wa kawaida, na pia utajua matatu hutofautiana kiasi gani. Ndivyo ilivyo kwa watoto. Kila mmoja anatoa damu kidogo mara chache, kila mmoja kwa saa yake, na hesabu inaunganisha.

Nitakupa mfano wa jirani kabisa. Mwaka wa 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa malaria kali uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwamo. Ulionyesha kwamba sindano ya artesunate ilipunguza vifo kwa zaidi ya asilimia 22 ikilinganishwa na kwinini. Ushindi mkubwa. Lakini je, kipimo kilikuwa sawa kwa wadogo? Wanasayansi wakachukua vipimo vya damu ya watoto 70 tu wa Tanzania, wa umri wa miezi sita hadi miaka 11, wakaunda modeli ya hisabati. Mwaka wa 2013 wakatangaza kwamba wale wadogo walikuwa wakipata dawa pungufu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2015, likapandisha dozi kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 kutoka miligramu 2.4 hadi 3 kwa kila kilo. Watoto 70, msomaji wangu! Na mwongozo huo unamhusu mtoto yeyote wa Kisumu, Kilifi au Kinshasa anayelazwa leo na malaria kali.

Damu ilitoka kwetu. Hesabu ilifanywa na kundi ambalo baadhi ya vigogo wake walikuwa Bangkok, Thailand. Sisemi hivyo kwa kulalamika, maana kazi yao ilikuwa njema na walishirikiana na Watanzania. Nasema kwa sababu malaria ni yetu, na ingefaa wakokotoaji wengi wawe wetu pia.

Basi mtu huyu anafunzwaje? Shida ya kwanza ni kwamba hazaliwi katika idara moja. Mfamasia anajua ini lakini anaogopa milinganyo. Mwanahisabati anaipenda milinganyo lakini hajawahi kuingia wodini. Ukimwambia mtoto alitapika nusu saa baada ya kumeza, hajui kwamba hilo linaharibu namba zake zote. Mafunzo ni kuwaketisha pamoja. Mmoja anafundishwa takwimu na kuandika programu, mwingine anafundishwa dawa inavyoingia, inavyosambaa na inavyotoka. Kisha wanapewa namba za utafiti uliokwisha kufanyika, wajenge modeli, halafu waipige vita wenyewe: inaweza kutabiri watoto ambao haijawaona? Mwishowe wanaunda ndani ya kompyuta watoto elfu moja wa uzito mbalimbali, wanawapa dozi, na kuhesabu wangapi wamepata pungufu na wangapi wamezidishiwa. Akikosewa mtoto wa kompyuta, hakuna mama anayelia.

Hayo yanachukua miaka. Warsha ya wiki moja hotelini, yenye cheti na chai ya saa nne, haimtoi mtu huyo. Anahitaji kukaa kando ya fundi kama anavyojifunza seremala, akiwa na takwimu zake halisi mkononi. Chuo Kikuu cha Cape Town kina kundi linalowafunza wanafunzi wa shahada za juu kwa namna hiyo, na Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, kina sifa ya muda mrefu. Lipo pia shirika la Pharmacometrics Africa linaloendesha masomo haya kwa Waafrika. Kwa upande wa hisabati yenyewe, ile taasisi ya AIMS, iliyoanza karibu na Cape Town mwaka wa 2003 na sasa ina tawi Rwanda, huchukua vijana kutoka kote barani. Vifaa si ghali kama unavyodhani. Programu ya takwimu iitwayo R ni ya bure, inaingia kwenye kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi. Kinachokosekana ni mshahara wa kumkalisha kijana huyo nyumbani akishahitimu, na vyuo vyetu kukubali kwamba idara ya hisabati na idara ya famasia zinaweza kunywa chai pamoja.

Hayo yote niliyaeleza mezani kwa kaka yangu Jumapili iliyopita. Mwanawe yuko mwaka wa pili chuo kikuu, anasomea hisabati, na babake hajamsamehe. "Hiyo hesabu utaila?" humwuliza kila wakipishana. Siku hiyo kijana alisikiliza kimya, kisha akachukua penseli na nyuma ya bahasha ya bili ya stima.

"Shangazi, umesema mwili wa mtoto hausafishi dawa kwa kufuata uzito moja kwa moja?"

Nikamweleza kanuni ambayo wataalamu hawa huanzia nayo, iliyotokana na kazi ya Max Kleiber ya mwaka wa 1932 kuhusu joto la miili ya wanyama: kasi ya mwili hufuata uzito uliopandishwa kwa kipeo cha robo tatu. Akapiga hesabu haraka. Mtu mzima wa kilo 70 akipewa miligramu 700, mtoto wa kilo 10 kwa mgawanyo wa kawaida angepata 100. Kwa kanuni hii anapata kama 160.

Kaka yangu aliichukua bahasha akaitazama kwa muda. Hakusema kitu, lakini hakuirudisha mezani.

(Tafadhali, msomaji, usiende nawe kumwongezea mtoto dawa kwa penseli. Kanuni hii haifai kwa mchanga, na kila dawa ina tabia zake. Mwulize daktari au mfamasia, na umdai mizani.)

"Na huyu wetu," kijana akauliza, akimtazama binti yangu aliyekuwa amepona na anamwaga juisi kwenye zulia, "ana kilo ngapi?"

Sikujua. Mara ya mwisho tulipompima alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Tukutane Jumapili ijayo.