Binti Watano Waliosimama Mbele ya Viongozi

Somo: Hesabu 27:1-11, Yoshua 17:3-6

Kila Jumapili tunawaombea viongozi wetu. Tunamtaja rais, gavana, mbunge na diwani, tunaitikia amina, kisha tukifika nje ya lango la kanisa tunaanza kulalamika. Zahanati haina dawa. Daraja halijajengwa. Diwani haonekani. Jumatatu kila mtu anarudi kwa shughuli zake, na huyo diwani hajui hata kama alilalamikiwa.

Mpendwa msomaji, kuwaombea wenye mamlaka ni agizo, na Paulo alimwandikia Timotheo hivyo. Lakini Maandiko hayakuishia hapo.

Selofehadi alifariki jangwani bila mtoto wa kiume. Kwa desturi ya wakati huo, binti zake hawakuwa na fungu katika nchi ya ahadi. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza hawakulia chumbani. Walikwenda wote watano hadi mlango wa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote. Hawakutukana mtu wala kurusha jiwe. Walitaja jambo moja: tupewe urithi wa baba yetu. Musa alilipeleka neno lao kwa Bwana, naye Bwana akasema wana haki. Sheria ikabadilika kwa Israeli yote.

Wengi wetu tunaishia hapo tukisoma. Fungua Yoshua 17. Musa ameshafariki, nchi inagawanywa, na wale dada wamerudi tena mbele ya Eleazari, Yoshua na wakuu kuwakumbusha ahadi. Ndipo walipopewa ardhi. Ahadi ya kiongozi huhitaji mtu wa kuikumbusha.

Sisi Wakenya tunao mlango wa hema katika kila mojawapo ya kaunti 47. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti kufanya vikao vyake hadharani na kuhusisha wananchi katika kazi zake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge hilo, hata la kutunga au kubadilisha sheria. Makadirio ya bajeti hufikishwa kwa madiwani kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Anayesubiri Agosti ili kuulizia zahanati amechelewa, fedha zimeshagawanywa.

Kwa nini basi hatuendi? Wengine tumefungwa mdomo na harambee. Diwani akishatoa bahasha ya mabati ya kanisa, nani atamwuliza kuhusu dawa? Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa Rais William Ruto kwa kanisa la Soweto. Unaweza kukubaliana na uamuzi huo au kuupinga, lakini kila ushirika ujiulize: tulichopokea kimetunyamazisha?

Sababu nyingine ni kwenda mmoja mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama mmoja akifika ofisini ataambiwa arudi kesho. Wakija akina mama, vijana na wazee hamsini, pamoja na majirani wa madhehebu mengine na wa msikitini, wakiwa na barua moja yenye sahihi zao, ni vigumu kuambiwa hivyo. Chagueni jambo moja. Someni ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti mjue kaunti ilitumia nini. Hakikisheni nakala yenu ya barua imepigwa muhuri. Kisha rudini, kama binti za Selofehadi.

Tusifanye hivyo kwa chuki. Diwani huenda ni muumini mwenzetu, na kumwuliza ni kumsaidia asianguke. Samweli, katika uzee wake, alisimama mbele ya watu akawataka waseme ni ng'ombe wa nani aliyemchukua na ni nani aliyemdhulumu. Kiongozi mwenye mikono safi haogopi swali.

Leo tukimaliza kuwaombea viongozi, tusitawanyike upesi. Tubaki kidogo, tukubaliane ni jambo gani tutakalowapelekea, na ni nani watakaokwenda.

Jumapili njema, na Mungu awabariki.