Mwanamke Akomapo Hedhi

Mwari wa pwani avunjapo ungo hupewa somo, mtu mzima wa kumfunza kwa staha mambo ya mwili wake. Lakini mwanamke huyo huyo afikapo makamo, baina ya miaka 45 na 55 ambapo aghalabu hedhi hukoma, haoni kungwi wala tabibu wa kumweleza yanayomsibu, na wote waliomzunguka humwambia neno moja tu: stahimili.

Nasema neno hilo limetwikwa mzigo usio wake. Homoni ya estrojeni ianzapo kuyumba na kupungua, joto humpanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni. Huamka saa nane za usiku kanga imelowa jasho, akajipepea kwa upindo wake, na usingizi usirudi. Naye aliyekosa usingizi miezi na miezi, ilhali asubuhi yamngoja biashara, wajukuu na mzazi mgonjwa, si ajabu akashikwa na huzuni na hamaki, wala hiyo si dalili ya imani haba. Utafiti wa Marekani uitwao SWAN, ulioanza miaka ya 1990, umedhihirisha kuwa joto hilo laweza kudumu zaidi ya miaka saba, na kwamba hatari ya sonona huzidi katika kipindi hicho.

Nguvu za moyo za kustahimili zipo, tena si haba. Kandokando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, katika miaka ya 1980, mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake waliwaona kina bibi wa Kihadzabe, waliokwisha pita umri wa kuzaa, wakichimba mizizi ya porini katika ardhi ngumu kwa fimbo zilizochongwa ncha, wakawalisha wajukuu ambao mama zao wananyonyesha vichanga. Ninaloshika mimi katika habari hiyo ni kwamba bibi yule hatoki peke yake. Hutoka na wenziwe, na kazi yake yaonekana; wetu huachwa astahimili peke yake.

Watakaosema mambo haya ni ya sitara nawakubalia, lakini somo naye hufunza faraghani, wala hanyamazi. Zahanati zetu humjua mwanamke maadamu anazaa. Baadaye huja kupimwa shinikizo la damu, akaenda zake. Basi hapo hapo, kabla hajafunguliwa kitambaa cha kipimo mkononi, muuguzi amwulize hulalaje na hedhi yake ikoje, kwa kuwa tiba ipo: homoni kwa anayefaa kupewa baada ya kuchunguzwa, na ushauri wa kisaikolojia uliothibitika kupunguza udhia wa joto na wa kukesha.