Bango la 25 Septemba

Ndugu mwandishi, matangazo ya zamani ya besiboli umeyaeleza vizuri, ila sisi Wakongo tuna ya kwetu ya kusaka: mabango ya pambano la ndondi la Ali na Foreman, Kinshasa, 1974. Mimi napenda zaidi yale yenye tarehe ya 25 Septemba. Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, na karatasi zilizokwisha kuchapwa zikabaki zikitangaza usiku ambao hakuna ngumi iliyorushwa.

Lakini tarehe peke yake isikudanganye, maana wanaotengeneza bandia wanaijua pia. Tazama kingo na mikunjo. Karatasi iliyozeeka yenyewe huanza kugeuka manjano pembeni, na penye mkunjo wino hukatika, nyuzi nyeupe zikachungulia. Iliyochovywa kwenye chai ina rangi ileile kila mahali, mbele na nyuma.

Huku kwetu Lwiro adui mkubwa ni unyevu. Mvua za milima ya Kahuzi hazina huruma kwa karatasi: ukibandika bango ukutani, ukungu utalila. Tafadhali msitumie gundi wala utepe wa kunata. Lilazwe bapa kati ya karatasi safi, juu ya rafu, mbali na ukuta.

Natamani sana kuona moja la asili katika Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa Kinshasa 2019. Mwenye nalo, Bukavu au Uvira, ayafikirie kwanza makumbusho hayo kabla ya mnunuzi wa ng'ambo.