Sukari na Nasaba

Mabarazani kwetu, kuanzia Lamu hadi Vanga, ugonjwa wa sukari una kabila lake. Watu wakisikia fulani kaupata, aghlabu huuliza nasaba yake kabla ya kuuliza hali yake. Akiwa wa asili ya Kihindi au Kiarabu, huambiwa, "Hiyo ni yao, na halua zao." Akiwa Mgiriama au Mdigo, watu hustaajabu: kaipatia wapi huyu? Mimi nasema maneno haya yana chembe ya ukweli, na chembe yenyewe ndiyo yenye hatari, kwa kuwa imetiwa mahali sipo.

Ukweli ni huu. Sukari ya chakula ikishaingia damuni haijiingilii mwilini ovyo. Kongosho hutoa insulini, nayo insulini ndiyo ipigayo hodi kwenye milango ya misuli ili sukari ikaribishwe ndani. Lakini nyumba zote hazisikii sawasawa. Mwaka 2013 mtaalamu Keiichi Kodama na wenzake walitoa uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi, zenye watu 3,813 wa asili ya Afrika, Ulaya na Asia ya Mashariki. Walikuta kwamba, kwa wastani, miili ya watu wa asili ya Afrika ni mizito wa kusikia, na kongosho lao hufidia kwa kupiga hodi nyingi. Watu wa Asia ya Mashariki husikia upesi, na kongosho lao halina desturi ya kutoa insulini nyingi. Wazungu wako katikati.

Hebu msomaji aangalie vizuri hapo. Hakuna aliyeambiwa kuwa amesalimika. Yule wa hodi nyingi, kongosho lake likichoka kwa miaka ya kazi ya punda, sukari hubaki damuni. Yule wa hodi chache, akinenepa kidogo tu na milango ikaanza kuwa mizito, hana akiba ya sauti. Njia ni mbali mbali, shimo ni moja. Katika kisiwa cha Morisi, bahari yetu hii hii, mwaka 1987 walipimwa Wahindi, Mabaniani kwa Waislamu, pamoja na Wakrioli wenye asili ya Afrika, na Wachina. Damu nne hizo, na kila kundi likakutwa na wagonjwa kati ya 10 na 13 hivi katika kila watu wazima mia. Walichoshirikiana ni kisiwa na maisha yake.

Nasaba basi ina kazi gani? Kazi yake iko kwenye mizani. Madaktari wana hesabu yao ya kugawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa urefu huo huo, na mtu akifika 30 huitwa mnene. Kipimo hicho kilishonwa kwa mwili wa Mzungu. Mwaka 2021 wataalamu wa Uingereza walipekua kumbukumbu za wagonjwa karibu milioni moja na nusu, wakitafuta ni wapi watu wa asili nyingine wanapofikia hatari ile ile ya kisukari aliyo nayo Mzungu wa 30. Mtu mweusi hufika akiwa 28.1, Mwarabu 26.6, Mhindi na jirani zake wa Asia ya Kusini 23.9. Tutie hesabu hiyo kwenye kilo. Wakisimama watu wanne, kila mmoja ana urefu wa mita 1.70, Mzungu huwa na kilo 87, Mwafrika 81, Mwarabu 77, na Mhindi kilo 69 tu! Kilo 69 huku kwetu ni mtu wa kusifiwa umbo. Hana kitambi cha haja, kanzu yamkaa vyema, na akienda hospitali huambiwa hana neno.

Sasa nauliza: Mswahili wa Pwani apimwe kwa mizani ya nani? Bibi mzaa baba katoka Hadhramaut, babu mzaa mama ni Mdigo wa Tiwi, na kati yao kaingia Mbulushi ambaye hatajwi ila siku ya kugawana mirathi. Hakuna safu ya kumwandika mtu huyo. Kwa hivyo naona ni makosa kungoja tumbo litangulie ndipo mtu apimwe. Damu yenyewe itazamwe, na hasa ya mwenye mzazi au ndugu aliye na sukari, na ya mwanamke aliyewahi kuipata akiwa mja mzito, wawe wanene au wembamba, wawe wa mtaa gani.

Halua nayo nisiitetee sana, maana naipenda. Ila haiwezi kubebeshwa lawama peke yake ilhali tunashindilia wali na mahamri, kisha hata kwenda dukani tunapanda tuktuk.

Na yule mwembamba wa kilo 69 anayeambiwa kila siku kuwa kajaaliwa mwili mzuri, ningependa kumwona yeye mbele kwenye foleni ya kipimo, tena mapema, mwezi wa Rajabu haujesha, ili akikutwa nayo apate wasaa wa kushauriana na daktari juu ya saumu yake kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.