Bwana Msa Haogopi Mzimu

Ndugu wanafunzi,

Wapo wazee wetu wanaoona kuwa kijana wa chuoni akishika kitabu cha hadithi basi anapoteza wakati. Sisi tunawaheshimu, lakini kwa mtungaji mmoja tunaomba watusikilize. Naye ni marehemu Muhammed Said Abdulla, mwana wa Makunduchi, Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991.

Kazi yake ilikuwa uandishi wa magazeti. Miaka kumi, tangu 1958 hadi 1968, alihariri jarida la Mkulima. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda nafasi ya kwanza katika mashindano ya utungaji ya mwaka 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960. Hapo ndipo Kiswahili kilipompata Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, na sahibu yake Najum.

Ni kweli kwamba Bwana Msa ana sura ya Sherlock Holmes wa Uingereza. Lakini mtungaji wetu alimpeleka pahala ambapo Holmes hakupajua: mzimuni. Mtu ameuawa kwenye mzimu, na watu wana hofu napo. Bwana Msa haogopi. Anauliza maswali, anapima maneno ya kila mtu, mpaka anamfikia binadamu aliyetenda. Katika Kisima cha Giningi (1968) ni vivyo hivyo, na sote tunajua jina la Giningi linavyotisha, kwa kuwa ndiko wanakosema wachawi hukutana.

Wahakiki wanamlaumu kuwa hakugusa sana utawala na dhiki za wanyonge, na kuwa mafumbo yake mengi hufumbuliwa kwa nasaba zilizofichwa. Lawama hiyo ina ukweli. Anayetaka habari za mabwana na watwana atazipata kwa Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978). Hata hivyo, Muhammed Said ndiye aliyefungua mlango wa riwaya ya upelelezi. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla wa Bara alitoa Simu ya Kifo, na baada yake wakaja wengine wengi.

Faida yake kubwa, kwa maoni yetu, ni moja: alimzoesha msomaji kudai ushahidi. Chuoni tunafundishwa kuwa mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi. Je, mitaani tunalifuata hilo? Mwaka 1995 ilipozuka hofu ya Popobawa, watu wa Unguja na Pemba walilala nje makundi kwa makundi, na wapo waliopigwa kwa kushukiwa tu. Mpaka leo mtoto akiugua ghafla, kidole huelekezwa kwa bibi kizee wa jirani. Hana wakili wala mtetezi, na heshima yake ikishavunjwa hairudi.

Kwa hiyo tunawausia: baada ya kudurusu masomo yenu, someni na Bwana Msa. Kisha siku mtakaposikia fulani ni mchawi, ulizeni kama ambavyo angeuliza yeye: nani ameona, na ameona nini? Kama hakuna jibu, nyamazeni, na mwambieni msemaji naye anyamaze.

Wabillahi tawfiq.