Kwa ndugu zangu wa Kwale: dawa moja kwa wakati mmoja



Habasoda, manjano na mizizi mliyonitumia huku Leicester imefika, na nawashukuru. Nawaandikia nyote kwa sababu najua huko nyumbani wako wenye uchovu sugu kama wangu, nao wanaitwa wavivu.

Kulala hakuuondoi. Akili huingia ukungu, na ukijikaza leo, mwili unakuangusha kesho au keshokutwa. Hapa Uingereza mwongozo wa matibabu ya uchovu huu wa mwaka 2021 uliacha kuwasukuma wagonjwa waongeze mazoezi hatua kwa hatua. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Wengi huanza kuugua baada ya homa ya virusi, na pwani yetu inaijua chikungunya, inavyowaacha watu na maumivu ya magoti na vifundo miezi mingi baada ya homa kwisha.

Basi nami najaribu viungo vya jikoni, kimoja kimoja. Kila jioni naandika daftarini usingizi, maumivu na kazi niliyofanya. Kazi isisahaulike: mtu huulaumu mdalasini wa asubuhi, kumbe kilichomwangusha ni kufua nguo juzi. Tena ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe. Tunakimbilia dawa siku tuliyolemewa, na siku hiyo ikishapita, sifa zote hupewa manjano. Kwa hiyo nikipata nafuu naacha kwa muda, kisha naanza tena. Tangawizi imenituliza kichefuchefu kila niliporudia, uchovu haikuugusa. Habasoda sikuiona ikibadilisha kitu, na hilo nalo nimeliandika.

Tafadhalini, msiseme cha shambani hakidhuru. Vidonge vya manjano vilivyotiwa pilipili manga vimewahi kuumiza maini ya watu. Mwarobaini haumfai mjamzito. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Na anayenitumia mzizi aniandikie jina la mti. Wazee wa Kaya Kinondo, msitu ulioingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, wanaijua miti yao kwa majina. Waulizwe wangali hai.

Kabla ya yote hayo, mgonjwa apelekwe hospitali ya Msambweni apimwe upungufu wa damu, malaria, kichocho, kifua kikuu na kisukari. Hayo yote huchosha, na yana matibabu yake. Mwenye upungufu wa damu asinywe chai pamoja na chakula, maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Na mgonjwa anapojaribu viungo, mpunguzieni kazi. Binti anayeandika daftari huku bado anateka maji kisimani hatajua kama kilichomfaa ni mrehani au ni siku aliyopumzika.